Wino wa mzingefuri: uchoraji wa safarini ulivyofanywa Kabambare

Ukitaka kujua mchoro wa safarini hufia wapi, usianze na rangi za dukani. Anza na Kabambare, huko Maniema, mwaka 1870. David Livingstone alifika hapo Septemba 1869, akiwa ndani ya msafara wa mfanyabiashara Muhammad Bogharib. Mwaka uliofuata, kuanzia Julai, vidonda vya miguu vilimlaza kwa takriban siku 80. Katika watu aliotoka nao mbali, waliobaki naye ni Susi, Chuma na Gardner. Madaftari yakamwishia, wino nao ukakauka. Hakuwa na mchoraji wa kumtegemea, tofauti na safari yake ya Zambezi iliyoanza 1858, ambako Thomas Baines aliajiriwa kwa kazi hiyo. Maniema alijitegemea mwenyewe, na vitu alivyoamua kutumia tunaweza kuvipima leo kimojakimoja.

Tuanze na karatasi. Alitumia chochote kilichokuwa karibu: kurasa za vitabu, bahasha, vipande vya ramani. Mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe, akaishia kwenye gazeti kuukuu la London, The Standard la Novemba 24, 1869. Hakuandika kwenye pambizo tu. Aligeuza gazeti ubavu, mistari yake ikakatiza ile ya chapa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana. Jicho huweza kufuata mistari inayokwenda upande mmoja na kuiacha inayokwenda upande mwingine. Lau angeandika sambamba na chapa, kusingesomeka kitu. Mchoraji aliyeishiwa karatasi anaweza kutumia mbinu hiyohiyo juu ya ukurasa wa hesabu za shule, mradi akumbuke kugeuza daftari.

Wino ndio uliomponza. Aliutengeneza kwa mbegu za mzingefuri, zile nyekundu zinazopaka vidole ukizigusa tu. Rangi yake imo katika utando mwembamba unaofunika mbegu. Kwenye mafuta hukolea vizuri. Kwenye maji matupu hutoka hafifu, mpaka uongeze magadi au maji ya majivu ndipo inapoachia. Lakini hata ikikolea, haivumilii mwanga: hupauka. Ukiipaka juu ya karatasi duni ya gazeti, ambayo nayo hugeuka manjano, baada ya miaka mia huna ukurasa bali una doa.

Ndivyo ilivyokuwa hadi timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilipozipiga picha kurasa hizo chini ya miale ya aina nyingi, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, na kutoa matokeo mwaka 2011. Kazi yenyewe inategemea jambo moja la kifizikia. Chini ya infraredi wino wa mmea hutoweka, ilhali wino mweusi wa kiwandani hubaki. Ukiwa na picha inayoonyesha vyote viwili, na nyingine inayoonyesha chapa peke yake, kompyuta inaweza kuipunguza chapa ili mwandiko ujitokeze. Ni ufundi wa kupendeza, ila ni wa gharama, na hakuna atakayeufanya kwa daftari langu wala lako.

Kwa hiyo kwa anayesafiri leo kutoka Kasongo hadi Kabambare na daftari la kuchorea, nasema wazi: penseli kwanza. Risasi ya penseli haiyeyuki kwa maji wala haipauki kwa jua. Chukua iliyo laini kidogo, B au 2B, kwa sababu karatasi iliyovuta unyevu hulegea, na penseli ngumu huikwaruza badala ya kuacha mstari. Biki inafaa, na inapatikana kila kioski. Haichuruziki mvua ikinyesha, lakini nyingi hupauka zikikaa juani. Rangi za maji ziache hadi kiangazi, Juni hadi Agosti. Masika hazikauki upesi, nawe una pikipiki inayokusubiri na dereva anayepiga honi.

Sasa nije kwenye kile ambacho Livingstone alikifanya vizuri kuliko wachoraji wengi waliokuwa na masanduku ya rangi. Vichoro vyake ni vidogo, na mara nyingi ni ramani za mito. Nguvu yake ilikuwa katika kuandika sababu ya umbo alilokuwa akiliona. Kuhusu vijiji vya Maniema aliandika kwamba nyumba zilikuwa za pembe nne, kuta za udongo ulioshindiliwa, kuni zimepangwa ndani kwa unadhifu, na kwamba mitaa mara nyingi ilielekezwa mashariki na magharibi ili jua liwahi kukausha unyevu.

Kwa mchoraji, sentensi hiyo ya mwisho inazidi michoro kumi. Kasongo na Kabambare ziko zaidi kidogo ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua huwa kaskazini. Katika mtaa wa mashariki-magharibi, nyumba za upande wa kusini, ambazo milango yake inatazama kaskazini, hupata jua; zile za ng'ambo ziko kivulini. Desemba, jua likiwa kusini, mambo hugeuka. Saa sita mchana mwezi Juni jua liko nyuzi kama 62 juu ya upeo, hivyo upenu uliotokeza sentimita 60 hutupa kivuli cha zaidi ya mita moja ukutani. Nusu nzima ya ukuta inaingia gizani! Anayechora saa hiyo hupata mstari mweusi chini ya paa, na udongo wenyewe, nyufa na alama za viganja, havionekani. Saa mbili asubuhi mwanga huja kwa ubavu kando ya mtaa na kila kidole kilichopita ukutani huonekana. Jioni fanya haraka, maana jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na giza halichelewi.

Livingstone alifanya hivyohivyo na sokwe mchanga, aliyemwita “soko”, ambaye mamaye aliuawa na ambaye alipewa njiani mwaka 1871. Alimpima akiwa ameketi: inchi 18, yaani sentimita 46 hivi. Kisha akaangalia anavyotembea, akaandika kwamba hakanyagi kwa viganja bali kwa migongo ya vidole. Mchoraji akilipata hilo, amempata sokwe. Akilikosa, amechora mtu aliyeinama.

Linganisha maelezo hayo na picha maarufu kuhusu eneo hili: mauaji ya soko la Nyangwe, Julai 15, 1871. Livingstone aliyashuhudia na kuyaandika, katika kurasa hizohizo za gazeti. Picha iliyochapishwa katika shajara zake za mwisho mwaka 1874 ilitengenezwa Uingereza na watu ambao hawakuwapo, naye alikuwa amekwisha kufa tangu Mei 1873. Ina fujo, moshi na miili, lakini kama kumbukumbu ya mahali haina thamani. Kingo za mto Lualaba haziwezi kupimwa kutoka kwake.

Nani anayepaswa kuchora mitaa hiyo leo? Wenyeji, nadhani, kabla ya wageni. Mgeni apige hodi kwanza kwa shefu wa kijiji, aonyeshe daftari, asichore daraja wala kambi ya askari, na aulize hali ya usalama kabla ya kusafiri. Mwenyeji ana nafuu: anaweza kukaa mbele ya nyumba ya jirani asubuhi nzima bila kuulizwa kitu. Kijana wa Kasongo mwenye penseli na daftari la shule, nakuomba uchore nyumba moja ya udongo kabla haijaezekwa bati. Pembeni andika tarehe, saa, mtaa unaelekea wapi, ukuta una upana gani, na nani aliyeujenga.