Ufa Upi?

Nyumba zinazotazama hori la Kilifi hujengwa kwa ajili ya macho. Baraza pana, paa la makuti lililoinuka juu, bwawa la kuogelea, na huko chini maji yakibadilika rangi kadiri yanavyojaa na kupwa. Dalali mjuzi humpeleka mnunuzi moja kwa moja barazani, na mara nyingi bei huamuliwa papo hapo, watu wakiwa wameyapa mgongo mengine yote.

Mkaguzi wa nyumba huanzia nyuma ya jikoni. Hufungua kabati la chini ya sinki, hupapasa ukuta wa bafu, kisha hupanda darini kwenye joto na harufu ya popo. Vifaa vyake ni tochi, bisibisi na ngazi. Watu wengi hapa Pwani humwita fundi tu, jina wanaloshirikiana waashi, maseremala na mafundi wa bomba wote. Lakini mafundi hao wengine huongeza kitu kwenye nyumba, naye haongezi hata msumari. Anachoacha ni maelezo. Nataka kuusifu ufundi huo wa kusema ukweli kuhusu kazi ya wengine.

Tazama anavyoikagua nguzo. Huigonga kwa mpini wa bisibisi, kuanzia chini kwenda juu, huku ametega sikio kama mtu achaguaye nazi sokoni. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu, na iliyoliwa hujibu kwa uvivu. Anapousikia uvivu huo huigeuza bisibisi na kuichoma ncha yake, na wakati mwingine chuma huzama hadi kwenye mpini bila kuhitaji nguvu, kwa sababu mchwa huimaliza mbao kwa ndani na kuacha ngozi ya nje ikiwa na rangi yake na vanishi yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hakuna mahali ambapo maneno hayo ni kweli zaidi kuliko kwenye fremu ya mlango iliyopakwa rangi juzi.

Kisha huuliza nani amekula, maana walaji ni wengi na kila mmoja ana alama yake. Mchwa wa ardhini huhitaji unyevu, hivyo hujijengea njia za udongo, nyembamba kama penseli, kutoka msingini hadi kwenye mbao. Fukusi huacha vitundu na unga laini sakafuni. Mchwa wa mbao kavu hagusi udongo kabisa. Husukuma nje chembechembe ngumu ambazo mfagiaji hudhani ni mchanga, lakini ukiziweka kiganjani na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona kila moja ina pande sita. Tiba ya mmoja si tiba ya mwingine: dawa iliyomwagwa chini ya slabu haimfikii mdudu anayeishi ndani ya kabati. Na mvua ya kwanza ya masika inapowatoa kumbikumbi, watoto hushangilia, ila mkaguzi huuliza wametokea shimo gani.

Zamani swali la mbao lilikuwa jepesi kidogo. Boriti za mikoko zina tanini nyingi, na wadudu huzipata kwa shida. Leo nyumba nyingi husimama juu ya mivinje inayopandwa mashambani na saiprasi inayoletwa kutoka bara, miti mizuri inayotaka kutiwa dawa kwanza. Mkaguzi huuliza ni dawa gani na ya mwaka gani. Swali la mwaka lina maana, kwa kuwa aldrin na dieldrin, zilizotumika sana duniani kuua mchwa, ziliwekwa kwenye orodha ya sumu za kukomeshwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001.

Adui wa pili hana miguu. Ikiwa zege lilichanganywa kwa mchanga wa pwani usiooshwa au kwa maji ya kisima yenye chumvi, nondo huanza kuoza ndani ya nguzo. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, basi huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dalili yake ni ufa ulionyooka kuifuata nondo, pamoja na doa la hudhurungi. Plasta mpya huuficha kwa msimu mmoja, na msimu mmoja unatosha kuuza nyumba.

Sote tunajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkaguzi anaongeza swali ambalo methali haikuliuliza: ufa upi? Nyufa nyembamba za plasta, zilizotambaa bila mpango, hazimsumbui sana. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali humfanya aushuku msingi. Akiwa na shaka hubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kingo zote mbili zikiwa zimeshikwa, kisha huandika tarehe na kwenda zake. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Kisipovunjika kwa miezi, ziba ulale. Ni mbinu kongwe, na inahitaji kitu ambacho wauzaji na wanunuzi hukikosa kwa pamoja, nacho ni subira.

Kwa nyumba zilizo ukingoni mwa hori kuna kazi nyingine. Maji yakipwa sana siku za bamvua, mkaguzi mzuri hushuka ufukweni na kuitazama nyumba kutoka chini. Mwamba wa matumbawe huliwa na maji pale mawimbi yanapougonga, mpaka juu pakaning'inia. Baraza lile lililomvutia mnunuzi huenda limekaa juu ya pango.

Anayetaka kujua mambo haya huishia wapi aende Gede, mji ulioachwa mapema katika karne ya 17 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Kuta za matumbawe na chokaa bado zimesimama. Vyumba ni vyembamba, kwani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kadiri ya mita 2.5. Boriti zenyewe hazipo, wala mapaa yaliyozilalia. Mawe yamewasubiri watalii, miti haikusubiri. Nyumba huanza kufa kule maji yanakoingilia, na hapo ndipo mkaguzi anapotumia saa zake nyingi.

Huko Australia ukaguzi wa majengo na wadudu kabla ya kununua nyumba ni jambo la kawaida, na upo kwenye viwango vyao vya taifa, AS 4349. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, lakini macho yake yako zaidi kwa wanaojenga. Anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa huachiwa kanuni ya kale: mnunuzi ajihadhari.

Ndiyo maana uaminifu ni nusu ya ufundi huu. Sehemu ninayoiheshimu kuliko zote katika ripoti nzuri ni ile isemayo: darini upande wa mashariki sikufika, nyuma ya kabati la ukutani sikuona. Asiyeandika mpaka wa macho yake anauza utulivu wa bandia. Vivyo hivyo, akaguaye mchwa asiwe ndiye auzaye dawa, ama kila nyumba itakutwa na mchwa. Na asilipwe na dalali, wala kwa sharti kwamba nyumba iuzwe. Malipo yakingojea mauzo, hata bisibisi hujifunza kugonga polepole.