Keki ya Keshero Husomwa Kwenye Mkato

Nikipewa kipande cha keki, kwanza nakigeuza ubavu. Krimu na maua ya sukari hufunika mengi, lakini ubavu uliokatwa uko wazi. Naangalia kama matundu ni madogo na yamelingana, au kama kuna vijia virefu vinavyopanda juu kama njia za mchwa. Naangalia kama chini kuna utepe wa ubichi, uliolala na wenye rangi ya kijivu. Kisha nabonyeza kwa kidole. Keki nzuri hurudi mahali pake taratibu. Iliyopigwa mno huruka kama sponji ya kuoshea vyombo, na iliyozidi sukari hubaki na alama ya kidole. Kuonja kunakuja mwisho, kwa sababu ulimi huhongwa na sukari upesi.

Hapa Keshero, mjini Goma, anayeniletea keki iliyoharibika huja pia na mashtaka dhidi ya mashine. "Yaya, hii roboti nilidanganywa dukani." Roboti ni ile mashine ya jikoni yenye mota moja na kazi nyingi: kisu cha kusaga, sahani za kukwaruza karoti, kipigio cha mayai, jagi la juisi. Nikikata keki yenyewe, mara nyingi nakuta mashine haina hatia. Mambo matatu huharibu keki zetu kuliko mengine: mwinuko wa mji, kasi ya kisu na udhaifu wa umeme. Kila moja huacha alama yake, na mwenye macho anaweza kuyatofautisha kabla hajatoa hata dola moja kwa fundi.

Tuanze na keki iliyobonyea katikati. Oveni ikifunguliwa imesimama vizuri, pengine imepita hata ukingo wa chombo. Baada ya dakika kumi imeshuka kama paa lililokosa nguzo. Ukiikata, karibu na juu matundu ni makubwa na yamepasukiana, na chini pamebanana. Huo ni mwinuko. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu ziko juu ya ziwa. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa au Matadi. Gesi ile ile inayotoka ndani ya rojo hutanuka karibu moja ya tano zaidi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Maelekezo tunayonakili katika vitabu vya Kifaransa au kutoka kwa mashangazi wa Ubelgiji yaliandikwa na watu wanaopikia karibu na usawa wa bahari. Tukiyafuata neno kwa neno, mapovu huvimba kabla mayai na unga havijakaza, kuta zake hupasuka, keki inakaa chini. Maji nayo hukauka mapema, sukari hukolea, na keki iliyokolea sukari huchelewa kushikana.

Marekebisho yake ni madogo, lakini lazima yafanywe yote pamoja. Punguza robo ya levure. Punguza kijiko kimoja cha mezani cha sukari katika kila kikombe. Ongeza vijiko viwili vya maziwa kwa kila kikombe cha maji au maziwa kilichotajwa. Pandisha joto la oveni kwa nyuzi kumi hivi, na anza kuangalia dakika tano kabla ya muda ulioandikwa. Kuna pia msaada tulionao mlangoni: mashanza. Maziwa yaliyoganda yana uchachu, na uchachu hufanya rojo likaze mapema, ambalo ndilo hasa mji wa juu unahitaji. Ukiweka mashanza mahali pa maziwa, tia nusu kijiko cha chai cha bikabonati kwa kila kikombe na upunguze levure tena. Ukizidisha bikabonati, keki itakuwa na rangi ya kahawia ndani na ladha ya sabuni. Ladha hiyo haiondolewi na vanila hata umimine chupa nzima.

Neno levure lenyewe linahitaji kusimamiwa kidogo, kwa maana limeshaharibu keki nyingi katika mji huu unaonunua vitu kwa Kifaransa. Levure ya mkate ni hamira, viumbe hai vinavyokula sukari kwa subira. Levure ya keki ni poda ya tindikali na bikabonati inayotoa gesi ikilowana na ikipata joto. Poda ya namna hiyo ilitengenezwa Birmingham mwaka 1843 na Mwingereza Alfred Bird, mtaalamu wa dawa ambaye mke wake hakuweza kula vitu vyenye hamira. Tangu mwanzo, basi, ilikuwa kitu kingine kabisa, ingawa kwenye rafu za duka pakiti zinafanana na jina ni moja. Keki iliyotiwa levure ya mkate na kuingizwa motoni palepale haisimami. Hutoka nzito, inavutika kama mkate, na ina harufu ya pombe changa. Soma maandishi madogo: *chimique* ni ya keki, *boulangère* ni ya mkate. Pakiti ya Kifaransa ya keki huwa na gramu 11, na watu huimimina yote hata kama unga ni gramu 250. Kwa unga huo, hapa juu, theluthi moja ya pakiti inatosha. Na kama pakiti imekaa wazi, jaribu kwanza: kijiko cha chai cha poda ndani ya maji ya moto. Isipochemka kwa povu la haraka, itupe bila huruma.

Sasa mashine. Alama yake ni vile vijia vya mchwa nilivyovitaja mwanzo, pamoja na kilele kilichochongoka na kupasuka kama mdomo wa volkano ya Nyiragongo. Kisu cha roboti huzunguka mara ishirini na zaidi kwa sekunde. Mama zetu walipiga siagi na sukari kwa kijiko cha mti mpaka mkono ukachoka, na uchovu wenyewe uliwazuia wasizidishe. Mashine haichoki. Unga wa ngano ukishalowana na kupigwa, utomvu wake, gluteni, hujifunga kama kamba, na sekunde kumi na tano za kisu zinatosha kugeuza rojo la keki kuwa kinyunga cha chapati. Gesi ikinaswa ndani ya kamba hizo hutafuta njia moja ya kutokea, na njia hiyo ndiyo kijia unachokiona kwenye mkato.

Kwa hiyo unga huingia mwisho, na mashine haiachwi ikizunguka. Utaratibu ninaoufuata ni huu: sukari na mayai kwanza, dakika nzima, mpaka viwe na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Kisha siagi iliyolainika kiasi cha kubonyea kwa kidole, bila kuyeyuka. Kisha mashanza. Nasimamisha, nafungua, nakwangua kuta na chini ya kisu kwa mwiko laini, kwa sababu kisu hakifiki kila pahali, na ule utepe mbichi wa chini mara nyingi ni siagi na sukari zilizojificha pale kitako. Mwishoni naweka bunga ya ngano iliyochekechwa pamoja na levure, nabonyeza na kuachia, nabonyeza na kuachia, mara tano au sita. Nikiona bado kuna alama nyeupe mbili tatu, namalizia kwa mwiko. Alama nyeupe mbili tatu ni heri kuliko rojo lililolainika kupita kiasi.

Sikio hufanya kazi kubwa hapa. Rojo lililo tayari huzunguka kwa sauti ya kupigapiga kuta, nzito lakini huru. Sauti ikishuka na mota ikaanza kunguruma, ama umejaza mno ama rojo limeshakuwa kinyunga. Bakuli lijazwe nusu tu. Rojo likipanda juu ya mhimili wa katikati huvujia chini kwenye mota, na hapo ndipo harufu ya waya ulioungua huanzia.

Kisu kina upungufu mmoja ambao hauna marekebisho: hakiingizi hewa ya kutosha. Kinakata. Keki ya siagi husamehe hilo kwa sababu levure hubeba mzigo, ila keki ya mayai matupu, ile Wafaransa huiita *génoise*, itatoka bapa kama kandambili. Kwa keki hiyo toa kisu, weka kipigio, na kabla ya kuvunja mayai pangusa bakuli kwa limau au siki. Bakuli la plastiki hushika mafuta ya jana hata likioshwa, na mafuta hayo hupunguza povu la mayai.

Mashine ina mahali inapomshinda mtu, na ni haki kuisifu. Sukari yenye punje kubwa inayotufikia kutoka Uganda haiyeyuki vizuri ndani ya mayai, na huacha madoa ya kahawia juu ya keki. Isage peke yake nusu dakika kabla ya kila kitu, madoa yataisha. Saga maganda ya limau pamoja na hiyo sukari, na jikoni nzima itanukia. Karoti za keki zikwaruzwe kwa sahani, kamwe zisisagwe kwa kisu, kwa maana kisu huzitoa maji. Na ndizi, hasa kamaramasenge zilizoiva hadi zikawa na madoa, ziponde kwa uma. Kisu huzigeuza gundi, na keki ya ndizi yenye gundi ndani hujulikana mara moja: kisu cha mezani hutoka kimepakwa hata baada ya saa nzima motoni.

Kuhusu unga nitasema machache. Unga uliokusudiwa mikate una nguvu nyingi mno kwa keki. Ukikosa mwingine, toa vijiko viwili vya mezani katika kila kikombe na uweke maizena mahali pake.

Limebaki la umeme, na hilo ndilo linalolaumiwa kidogo kuliko linavyostahili. Goma inapata umeme kwa kampuni kama SNEL, kwa Virunga ambayo mtambo wake wa Matebe ulianza mwaka 2015, na kwa Nuru yenye paneli za jua kule Ndosho tangu 2020. Yeyote anayekupa, jioni wakati kila nyumba imewasha jiko, volti hushuka. Mashine itazunguka polepole, hilo utaliona. Oveni haionyeshi. Taa yake inawaka vile vile, lakini joto la waya hufuata mraba wa volti: zikishuka kutoka 220 hadi 180, nguvu ya oveni inabaki theluthi mbili. Keki hukaa dakika sabini badala ya arobaini na tano, ikikauka polepole. Alama yake ni ngozi iliyopauka na nene, kuta kavu zinazomeguka, na katikati pazuri kuliko pembeni. Ukiona hivyo usiguse maelekezo wala mashine. Oka asubuhi, au nunua kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni, kitu cha bei ndogo kinachofaa kuliko roboti ya pili. Na ukinunua roboti ya mtumba, geuza kitako chake usome kibao: ikiandikwa volti 110, ilitengenezwa kwa umeme wa aina ya Marekani, na hapa itaungua siku ya kwanza.

Wenye mbabula, jiko la makaa, wasijione wamepungukiwa. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini, chombo cha keki juu ya vijiwe vitatu, makala machache chini na mengi juu ya kifuniko: joto hilo halitegemei mtambo wowote. Nimekula keki za makala karibu na soko la Kituku ambazo mkato wake ulikuwa safi kuliko wa oveni za vioo. Hukumu ya keki hizo ni ile ile, ila ongeza jambo moja: nusa kitako. Harufu ya moshi ikiwa imeingia, kifuniko hakikufunga vizuri.

Anayeagiza keki ya harusi, aombe kipande cha jana. Mwokaji hodari atakipata, na hatakasirika. Keki iliyotoka motoni leo karibu yote ni laini. Ya jana, iliyolala chini ya bakuli lililogeuzwa, husema kama sukari ilipimwa na kama moto ulitosha. Igeuze ubavu mbele yake, bonyeza, ngoja. Kisha vunja kwa mikono bila kisu. Keki iliyopigwa kwa kiasi huachana kwa ukingo wenye chembe ndogo na hakuna nyuzi zinazovutika. Makombo yakibaki kwenye kiganja, yakusanye kwa kidole: yakishikana kidogo, unyevu upo bado, na safari ya gari juu ya mawe ya lava hadi ukumbini keki hiyo itaimudu.