Utaifa na Mpaka wa Historia Mbadala katika Riwaya ya Król

Riwaya ya Król (2016) ya Szczepan Twardoch inasawiri jiji la Warszawa mwaka 1937. Mhusika wake mkuu, Jakub Szapiro, ni mwanamasumbwi Myahudi aliyejijengea jina katika magenge ya wahalifu. Mwandishi anaingiza njama ya mrengo wa kulia ya kutwaa dola, na kwa njama hiyo anaibua swali la historia mbadala: ingekuwaje kama wanautaifa wangeitawala Poland?

Swali hilo lina mtego. Historia mbadala hupata nguvu pale ubunifu unapoachana na yaliyotokea, ilhali nchini Poland umbali huo ulikuwa mfupi. Roman Dmowski, kiongozi wa wanautaifa, hakuwahi kuwa waziri mkuu, na mapinduzi ya Józef Piłsudski ya Mei 1926 yaliing'oa serikali iliyowashirikisha wafuasi wake. Hata hivyo, Piłsudski alipofariki mwaka 1935, warithi wake walizikumbatia baadhi ya sera za wapinzani hao. Mwaka 1937 vyuo vikuu viliruhusiwa kuwatengea wanafunzi Wayahudi viti vyao pekee katika kumbi za mihadhara.

Kwa hiyo, ubora wa riwaya umo katika kuyaweka mapinduzi ya kubuni kando ya ubaguzi wa kweli. Udhaifu wake ni kwamba njama humvuta msomaji kuliko ubaguzi huo. Njama huweza kuzimwa kwa usiku mmoja. Kiti cha kutengwa kilichohalalishwa hakihitaji mapinduzi.