Kitanda cha Futi Sita: Maumivu, Satori na Tatizo la Neno katika Maandishi ya Mwisho ya Masaoka Shiki

Ikisiri

Masaoka Shiki (1867–1902), mshairi wa haiku wa Japani, aliandika safu ya kila siku gazetini akiwa mahututi kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kauli yake moja kuhusu satori imemfanya asomwe kama mwenye hekima aliyekishinda kifo. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo unaitenga kauli hiyo na safu iliyoizaa, na kwamba jaribio la kuitia safu hiyo katika Kiswahili, hususan neno akirame, linaufichua upungufu huo.

Kauli na mahali pake

Tarehe 5 Mei 1902 gazeti la Nippon la mjini Tokyo lilianza kuchapisha safu fupi iliyoitwa Byōshō rokushaku, yaani malazi ya mgonjwa ya shaku sita. Shaku ni kipimo kinachokaribiana sana na futi, kwa hiyo "Kitanda cha Futi Sita" ni tafsiri inayofaa, ilimradi msomaji akumbuke kuwa kitanda hicho kilikuwa godoro lililotandikwa juu ya mikeka ya sakafuni, katika nyumba ndogo ya mtaa wa Negishi. Shiki alikuwa na umri wa miaka 34. Mifupa ya mgongo ilikuwa imekwisha kuliwa na maradhi, usaha ulitoka katika matundu kadhaa ya mwili, na kubadilisha bandeji ilikuwa kazi ya kila siku ya dada yake Ritsu. Safu inafunguliwa kwa kupima: futi sita ndizo ulimwengu wa mwandishi, na hata hizo ni pana mno kwake, kwa kuwa zipo siku ambazo hawezi kuunyosha mguu wake nje ya godoro.

Mwanzoni mwa Juni, ndani ya sehemu fupi mno, imo kauli iliyompa umaarufu nje ya duru za washairi. Shiki anakiri kwamba alikuwa ameielewa vibaya satori, ule mwamko unaozungumzwa na Wabudha wa madhehebu ya Zen. Alidhani ni uwezo wa kufa kwa utulivu katika hali yoyote ile. Sasa anaona kuwa ni uwezo wa kuishi kwa utulivu katika hali yoyote ile. Kauli hii hunukuliwa mara nyingi peke yake, kama johari lililochimbuliwa na kuoshwa. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kabla mwezi huo haujaisha, safu ileile inachapisha mayowe. Mwandishi anasimulia kwamba hawezi kugeuka, analia kwa sauti, anatukana walio karibu naye, na anauliza kama hayupo yeyote wa kumwondolea mateso. Msomaji aliyeikariri kauli ya satori atajiuliza imekwenda wapi. Jibu rahisi ni kusema kwamba Shiki aliipata hekima kisha akaipoteza. Jibu la pili, ambalo pia ni rahisi, ni kwamba mayowe hayo ni udhaifu wa mwili usioihusu roho. Yote mawili yanachukulia kwamba kauli ile ilikuwa tangazo la daraja aliyokwisha kuifikia, kama cheti. Lakini Shiki hakuwa mtawa, wala hakuwa na mwalimu wa Zen wa kuuthibitisha mwamko wake. Alikuwa mwandishi wa gazeti anayesahihisha maana ya neno, na siku iliyofuata alikuwa na safu nyingine ya kuandika.

Neno la Kijapani linalotafsiriwa hapa kama "kwa utulivu" ni heiki. Si neno la msamiati wa dini. Mtu aliyejikwaa husema yu heiki, maana yake hakuna neno, mambo ni yaleyale. Mfasiri wa Kiswahili atakayechagua "utulivu" atakuwa amekwisha kumvika Shiki joho. "Kama kawaida" ni duni kwa sauti lakini ni sahihi zaidi: satori ni kuishi kama kawaida katika hali isiyo ya kawaida. Na katika hali hiyo, kupiga mayowe mtu anapoumwa ni sehemu ya kawaida.

Ushauri wa aina tatu

Baada ya mayowe hayo kuchapishwa, msomaji mmoja alimwandikia Shiki barua, naye akaiweka ndani ya safu. Barua ina mashauri matatu yaliyopangwa kwa ngazi. La kwanza: aamini kwamba yu pamoja na Mola wa mbinguni au na Buddha, atulie. La pili: ikiwa hawezi kuamini hivyo, atambue mahali ambapo nguvu za binadamu zinakoma, ayaache mambo yaende, ayaache maumivu yaume. La tatu: ikiwa hawezi hata hilo, basi alie, ahangaike, mpaka afe. Ni vigumu kupata andiko jingine la wakati huo linaloziweka kwa ufupi kiasi hiki njia tatu za kukikabili kifo: ya imani, ya tafakuri isiyo na Mungu, na ya kukosa njia.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaitambua ngazi ya kwanza mara moja. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, nao ni andiko la kitandani: mama mgonjwa anamwita binti yake aje na wino na karatasi. Maradhi hayaelezwi kwa kina. Yanatajwa, kisha yanageuzwa kuwa sababu ya kuusia na kuomba dua. Kila shairi linaloelekea kwa binti linaelekea pia juu. Maneno kama subira na tawakali yana uzito kwa sababu yupo wa kutawakaliwa na lipo la kusubiriwa. Shiki anayo maradhi na wino na karatasi. Anachokikosa ni huyo wa juu.

Jibu lake kwa barua ndilo linalopaswa kusomwa pamoja na kauli ya satori. Kwa upande wa fikra, anasema, msimamo wake unakaribiana na shauri la pili. Lakini maumivu ya mwili yanapopita kiasi, dini haimfai kitu, na mafunzo ya maadili hayafai pia. Hakuna fahari katika maneno haya, wala hakuna toba. Anatenganisha tu mambo mawili ambayo wahubiri wa imani na wa falsafa, kila mmoja kwa njia yake, hupenda kuyaunganisha: kukiogopa kifo na kuumwa. La kwanza laweza kufikiriwa hadi likapungua. La pili halina masikio.

Mgonjwa mwenzake

Ngazi ya pili ilikuwa na mwakilishi mashuhuri. Nakae Chōmin (1847–1901), aliyemfasiri Rousseau na kuwa miongoni mwa sauti kuu za harakati za haki za raia nchini Japani, aliambiwa na daktari mwaka 1901 kwamba saratani ya koo ingempa mwaka mmoja na nusu. Aliandika kitabu alichokiita kwa muda huohuo, Ichinen yūhan, akisema kwamba anayetaka kuuona mwaka na nusu kuwa mfupi ataiona hata miaka 100 kuwa mifupi. Katika kitabu cha pili, alichokiandika upesi baada ya hicho, alitetea kwa hoja kwamba hakuna Mungu wala roho inayobaki. Alifariki Desemba mwaka huohuo.

Shiki alimkosoa bila huruma, na kwa ucheshi wa mgonjwa anayempima mgonjwa mwenzake. Chōmin ana tundu moja kooni, aliandika; yeye ana matundu tumboni, mgongoni na matakoni kama sega la nyuki. Muda wao unafanana. Lakini Chōmin hajui uzuri ni nini, na kwa hilo anashindwa. Anayeielewa hoja hupata akirame. Anayeuelewa uzuri hupata raha. Katika Byōshō rokushaku anairudia tofauti hii kwa mfano wa mtoto anayepewa tiba ya kuchomwa majani makavu juu ya ngozi. Mtoto anayekubali kwamba lazima achomwe amefika kwenye akirame. Mwingine, huku akichomwa, amezama katika kitabu au mchezo wake, wala hana haja ya akirame.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomkwamisha mfasiri, na ukwamo huo una faida. Kamusi za Kijapani huihusisha akirame na kitenzi cha kale chenye maana ya kuweka wazi. Anayefikia akirame ameliona jambo hadi mwisho wake, akaliachia. Neno la kwanza linalokuja kwa Kiswahili ni "kukata tamaa", nalo linageuza maana juu chini. Tamaa katika Kiswahili ni tumaini na ni uchu. Mbudha angesema kwamba kukata tamaa kwa maana ya uchu ndiyo shabaha yote ya mafundisho, kwa kuwa uchu ndio chanzo cha mateso; lakini msemo wenyewe umekwisha kuganda upande wa tumaini, na anayekata tamaa kwa Kiswahili ameanguka, hakukombolewa. "Subira" inangoja kheri yake. "Tawakali" inamtaka Mwenyezi. "Kuridhia" ina adabu ya anayeombwa ridhaa, kana kwamba saratani ilileta posa. Linalobaki ni maelezo, si neno: kuona wazi na kuachia. Yawezekana pengo hili si upungufu wa lugha. Msamiati wa Kiswahili wa kukikabili kifo umejengwa katika mazungumzo, baina ya mja na Mola au baina ya mfiwa na wanaompa pole. Tafakuri ya mtu asiyemwelekea yeyote haijawa na haja ya neno lake.

Isipokuwa kwamba Shiki naye hakutafakari peke yake. Usomaji unaomfanya mwenye hekima husahau gazeti. Kwa mara moja mhariri, akimwonea huruma, aliiacha safu isichapishwe, na Shiki akamwandikia kwamba uhai wake wa sasa umo katika Byōshō rokushaku; kila asubuhi huamka katika mateso ya kufa, hufungua gazeti, akaiona safu na kufufuka kidogo; siku ile hakuiona akalia. Sehemu ya 100 ilipotoka mwezi Agosti, alipiga hesabu ya bahasha 300 alizochapishiwa kwa ajili ya kupelekea makala: 100 zimetumika, bado 200, na kabla hazijaisha maua ya plamu yatakuwa yamechanua. Je, mgonjwa atayaona? Swali hili lina uzito kuliko lile la satori kwa sababu linahesabika.

Raha anayoisema nayo ina bei. Kiangazi hicho alichora matunda na maua kwa rangi, akifuata kanuni yake ya shasei, ya kukichora kitu kama kilivyo mbele ya macho, kanuni aliyoitetea pia katika ushairi. Anaeleza bila kuficha kwamba furaha yake kubwa ni kuchora baada ya kumeza mofini. Wahakiki wanaotaka ushindi wa uzuri juu ya mwili huipita sentensi hii haraka. Haifai kupitwa. Mtoto wa mfano wake husahau moto kwa sababu ya kitabu. Shiki alihitaji kitabu na dawa, akaviandika vyote viwili katika mstari mmoja. Ni uaminifu huohuo wa shasei: dawa nayo ilikuwa mbele ya macho. Vilevile katika shajara yake ya faragha ya Oktoba 1901, mama yake alipotoka nje kwa muda, aliandika jinsi kisu kidogo na msumari wa kutobolea karatasi vilivyomwita, kisha akavichora. Kuchora hakukuwa ushindi juu ya hamu ya kujiua. Kulikuwa jambo ambalo mkono ungeweza kulifanya badala yake, saa ile.

Sehemu ya 127, iliyo ya mwisho, ilichapishwa tarehe 17 Septemba 1902. Asubuhi ya tarehe 18 Shiki alishikiwa ubao wa karatasi, akaandika haiku tatu kuhusu mmea wa dodoki uliotambaa nje ya chumba chake. Msomaji wa Kiswahili analijua dodoki kwa kujisugulia bafuni. Japani maji ya shina lake yalikuwa dawa ya makohozi. Katika haiku ya kwanza dodoki limechanua, na aliyekabwa na makohozi anaitwa hotoke. Neno hilo kwa Kijapani ni Buddha, na katika mazungumzo ya kila siku ni maiti. Mfasiri akiandika "Buddha" anamrudisha Shiki kwa wale wanaomtaka awe mwenye hekima. Akiandika "maiti" anaufuta mzaha wa mtu anayejitazama amekwisha kufa, naye bado anakohoa. Haiku nyingine mbili zinazungumzia kiasi cha makohozi na maji ya dodoki ambayo hayakufaa kitu. Desturi ilitaka yakingwe usiku wa mwezi mpevu wa vuli, siku mbili kabla. Katika nyumba ile ya Negishi hakuna aliyeyakinga. Shiki alifariki usiku huo, muda mfupi baada ya kuingia tarehe 19.