Uzi Mwekundu wa Zhang Xiaogang

Hata ukisogea hadi pua ikaribie kugusa turubai, kwenye nyuso alizochora Mchina Zhang Xiaogang alama ya brashi huioni. Rangi ya mafuta imepakwa nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kisha ikalainishwa mpaka shavu likafanana na moshi uliotulia. Wachoraji wengi hupenda mkono wao uonekane. Huyu aliuficha wake makusudi, na ufundi wake umo humo.

Alizaliwa Kunming, China, mwaka 1958, kwa hiyo Mapinduzi ya Utamaduni ya Mwenyekiti Mao yalipoanza, 1966, alikuwa bado mtoto. Michoro iliyomzunguka ilikuwa ya nyuso nyekundu zinazong'aa. Ule wa Liu Chunhua wa 1967, unaomwonyesha Mao kijana akielekea Anyuan, unakadiriwa kuchapishwa nakala milioni 900. Katika michoro ya aina hiyo hakuna mwenye wasiwasi. Hakuna hata anayeonekana kuwa na kwao.

Zhang alihitimu chuo cha sanaa cha Sichuan mwaka 1982, na kwa miaka kadhaa alichora kwa brashi nzito, akiwafuata wachoraji wa Kizungu. Mwaka 1992 akaenda Ujerumani, akaiona kwa macho yake michoro aliyokuwa akiijua vitabuni tu, akarudi akijiuliza yeye ana nini cha kwake. Jibu alilikuta nyumbani kwa wazazi wake: picha za zamani za familia, miongoni mwao ya mama yake akiwa msichana mzuri. Mama huyo yeye alimjua akiwa mgonjwa wa akili.

Picha za studio za enzi hizo zilipita mikononi mwa fundi, akafuta makunyanzi, akalainisha ngozi, pengine akatia rangi kidogo mashavuni. Naamini fundi huyo asiye na jina alimfunza Zhang mengi kuliko chuo. Ndipo ukazaliwa mfululizo wa “Ukoo wa Damu: Familia Kubwa”: baba, mama na mtoto, suti za Mao zimefungwa hadi kooni, beji kifuani, macho meusi yenye majimaji. Shavuni pana baka la mwanga. Huwezi kusema ni alama ya kuzaliwa au picha imechubuka. Na kati ya watu hao hupita uzi mwekundu, mwembamba kama wa kushonea, kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Wekundu uliojaza kuta na bendera umebaki kiasi hicho tu.

Wang Guangyi, mwenzake wa kizazi kimoja, aliwachukua wafanyakazi na wanajeshi wa mabango akawaweka pamoja na nembo ya Coca-Cola. Nacheka mara moja, napita. Zhang hamdhihaki mtu, maana anaowachora ni wazazi wake. Soko nalo halikuchelewa: mwaka 2014 mchoro namba 3 wa mfululizo huo uliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 94 za huko, bei isiyonisaidia chochote niutazamapo.

Wapo wanaolalamika kwamba nyuso zake ni zilezile. Kweli, baadhi ya michoro ya baadaye inachosha. Lakini kufanana ndiko kulikodaiwa na kola zile za suti za Mao. Basi mtazame mtoto: mara nyingine amepakwa njano au nyekundu mwili mzima katikati ya wazazi wa kijivu, na jicho lake moja limekengeuka, haliangalii kamera.