Saa Nzima kwa Tundu Moja

Kijana niliyemtazama akizika kihisi cha unyevu huko Karachuonyo, Homa Bay, alitumia karibu saa nzima kwa tundu lisilozidi upana wa kidole gumba. Na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kufika. Wiki mbili kabla, tuta likiwa ndiyo kwanza limezungushiwa mbao na kujazwa udongo na samadi, alikataa kazi. "Mama, tuta halijalala bado," alimwambia mwenye bustani. Udongo uliojazwa juzi una hewa nyingi, na ukimwagiliwa hushuka. Kihisi kilichotangulia kuwekwa hubaki katika uwazi, kikipima hewa.

Siku hiyo aliyazunguka mazao, osuga na dek, yaani mnavu na mgagani, akizikwepa kingo. Tuta lililoinuliwa hupigwa jua na upepo ubavuni, kwa hiyo kingo zake hukauka mapema kuliko katikati. Aliikwepa pia mimea iliyonawiri kupita wenzake, na ile iliyodumaa. Alitaka mche wa kawaida, unaokunywa kama wengi.

Kisha akatoboa tundu. Udongo uliotoka aliupanga juu ya gunia kwa mfuatano wake, ili wa chini urudi chini. Konzi moja aliichekecha kwa kichujio cha chai, akaikoroga na maji hadi ikawa kama uji, akaimimina tunduni. Kihisi chenyewe kilikuwa kimelala majini usiku kucha. Alikishusha kikiwa kimelowa, akikizungusha taratibu mpaka mapovu yakaisha. Hapo ndipo ufundi ulipo, kwa maoni yangu: udongo na kifaa vigusane kila upande. Vihisi vilikuwa viwili: kimoja alikizika sentimita 15, kingine 30. Cha juu husema lini umwagilie. Cha chini husema kama maji yanaipita mizizi; yakiipita, huondoka na rutuba.

Kule Nyatike, Migori, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, subira hiyo huhitajika zaidi. Kiangazi udongo huo hupasuka na kujitenga na kihisi, hata kama kilizikwa vizuri. Ndiyo maana tuta hufunikwa nyasi kavu.

Faida ya subira hiyo huonekana shambani. Wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Kiwere, Iringa, nchini Tanzania, walipewa Chameleon, kifaa cha kupima unyevu wa udongo kilichobuniwa Australia na Richard Stirzaker na wenzake wa shirika la utafiti la CSIRO. Taa ya buluu maana yake udongo umelowa, kijani unyevu unatosha, nyekundu mizizi inahangaika. Hakihesabu maji, hupima nguvu ambayo mzizi unahitaji ili kuyavuta. Wengi wao walipunguza siku za kumwagilia.

Huku kwetu hilo lina uzito wake. Utafiti wa Shamba Maisha uliwakopesha wakulima wanaoishi na VVU, katika Kisumu, Homa Bay na Migori, pampu za kusukuma kwa nguvu za mwili. Anayevuta maji hivyo, au kuyabeba kwa ndoo kutoka ziwani, hulipa kila lita ya ziada kwa mgongo wake.

Alipomaliza, kijana alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu pale waya ulipopita, jembe lisije likaukata. Ukimwita fundi wa namna hii kwenye bustani yako, mpe kiti na maji ya kunywa, wala usimharakishe.