Kabla ya Kuiamini Namba: Mwongozo wa Kukagua Pointi za Tathmini katika Kikapu

Mechi ya EuroLeague ikimalizika, kila mchezaji hubaki na namba moja pembeni ya jina lake. Namba hiyo huitwa PIR, na ndiyo inayotumika kumpata mchezaji bora wa raundi. Kwenye NBA ya Marekani ipo EFF, na ipo pia PER iliyobuniwa na mwandishi John Hollinger. Wakala huziweka mezani anapodai mkataba, mashabiki hubishana kwazo kijiweni, na kijana anayeinukia hujifunza kwazo ni kazi gani uwanjani inayosifiwa na ipi haitajwi. Kwa hiyo haki ya namba hizi inatuhusu sote tunaoupenda mchezo huu. Kipimo kibovu humdhulumu mtu jasho lake mchana kweupe.

Mwenye duka mwaminifu hukagua mizani kabla ya kupima sukari, nasi tufanye vivyo hivyo kabla ya kumpima mchezaji. Msimamo wangu ni huu: haki ya kipimo chochote cha kikapu hujulikana kwa jinsi kinavyomtendea mchezaji asiye na mpira mkononi. Hatua zifuatazo zote zinaelekea huko.

Soma kwanza kinachohesabiwa

EFF ni rahisi. Jumlisha pointi, ribaundi, asisti, mipira aliyopora na bloku. Kisha toa mitupo aliyokosa, mitupo huru aliyokosa na mipira aliyopoteza. PIR inafanya hayo hayo, ila inaongeza faulo alizochezewa, na inatoa faulo alizocheza pamoja na mitupo yake iliyopigwa bloku.

Ukiisoma kanuni, tafuta kitu kilichohesabiwa mara mbili. Katika PIR, mtupo uliopigwa bloku unakatwa mara mbili: moja kwa kuwa umekosa, nyingine kwa kuwa umezuiwa. Anayechezewa faulo akafunga mitupo huru yote miwili anapata 3, ilhali timu imepata pointi 2 tu. Mwenzake aliyepenya na kufunga bila kuguswa anapata 2. Kumchosha mpinzani kwa faulo kuna thamani, sikatai. Lakini kwamba thamani hiyo ni sawasawa na ribaundi moja ni uamuzi wa aliyetunga kanuni, na uamuzi huo una wanaofaidika na wanaoumia.

Kisha tafuta kisichohesabiwa. NBA ilianza kuandika mipira iliyoporwa na bloku msimu wa 1973–74, na mipira iliyopotezwa msimu wa 1977–78. Bill Russell alistaafu mwaka 1969 akiwa na mataji 11 katika misimu 13 na Boston Celtics, mataji yaliyojengwa juu ya ulinzi wake, na rekodi rasmi hazina hata bloku yake moja. Dikembe Mutombo wa Kinshasa aliingia ligi hiyo mwaka 1991, akakuta daftari liko wazi, na akaondoka na bloku 3,289 pamoja na tuzo 4 za mlinzi bora wa mwaka. Anayewalinganisha wawili hawa kwa EFF anapima madaftari mawili, hapimi walinzi wawili.

Pima bei ya kukosa

Hapa ndipo vipimo vingi huanguka. EFF humpa mfungaji 2 kwa mtupo wa pointi mbili ulioingia, na kumkata 1 kwa uliokosa. Maana yake, akifunga mtupo mmoja tu kati ya mitatu hana hasara yoyote, na akizidisha kidogo namba yake inapanda. Kwa mitupo ya pointi tatu, kufunga mmoja kati ya minne kunamtosha. Hakuna kocha wa kulipwa anayefurahia viwango hivyo.

Chukua mfano. Mchezaji wa kwanza anatupa mara 20 na kufunga 9, yote ya pointi mbili: pointi 18, mitupo 11 imekosa, anabaki na 7. Wa pili anatupa mara 6 tu na kufunga 4: pointi 8, amekosa 2, anabaki na 6. Kipimo kinamtukuza wa kwanza. Sasa zigawe kwa wenzake zile nafasi 14 ambazo wa pili hakuzitumia, na useme wanafunga nusu yake. Hizo ni pointi 14, na pamoja na zake 8 jumla ni 22. Kwa mitupo 20 ile ile, timu ya huyu asiye na papara inapata pointi 22 dhidi ya 18. Aliyeigharimu timu pointi nne ndiye aliyepewa alama ya juu.

PER ina hesabu ndefu zaidi, ila ugonjwa huo haujaiacha. Mchumi David Berri alionyesha kwamba mchezaji anayefunga zaidi ya asilimia 30.4 ya mitupo ya pointi mbili, au asilimia 21.4 ya pointi tatu, huipandisha PER yake kila anapozidi kutupa. Kwa hiyo ukiona PER kubwa, uliza alitupa mara ngapi.

Ribaundi nazo si bei moja. Kwa kawaida upande unaojilinda huokota takriban mipira mitatu kati ya minne, kwa hiyo ribaundi iliyookotwa chini ya kikapu cha mpinzani ina uzito zaidi. EFF na PIR huzipa zote 1, PER hutofautisha. Bloku pia: iliyomwangukia mwenzako ni mali yenu, iliyotoka nje inarudisha mpira kwa washambuliaji, na kipimo kinazihesabu sawa. Hata hivyo tusivibeze vipimo hivi. Mei 2016, katika fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland, Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, aliichezea Toronto akaokota ribaundi 26 na kupiga bloku 4 huku akifunga pointi 7 tu. Anayehesabu pointi peke yake asingemwona. EFF ilimwona.

Angalia dakika na kasi

Mechi za NBA ni dakika 48. Za EuroLeague na za ligi ya Afrika, BAL, ni dakika 40. Mwenye 20 kwa dakika 40, akiendelea kwa mwendo ule ule, angekuwa na 24 kwa dakika 48. Kuziweka namba za ligi hizi safu moja bila marekebisho ni dhuluma kwa wa huku. PER inajitahidi hapa: inapima kwa dakika, inarekebisha kasi ya timu, na wastani wa ligi nzima huwekwa kuwa 15 kila msimu. Lakini kipimo cha dakika nacho kina mtego wake. Anayeingia dakika nne mechi ikiwa imekwisha amuliwa, akakutana na wachezaji wa akiba waliochoka kukaa benchi, anaweza kuonekana bingwa. Usiisome namba ya dakika bila kusoma jumla ya dakika.

Mtafute asiyeandikwa

Mwaka 2009, Michael Lewis aliandika katika jarida la New York Times kuhusu Shane Battier wa Houston Rockets. Takwimu zake za kawaida zilikuwa za mtu wa kupita tu. Lakini alipokuwa uwanjani, wenzake walicheza vizuri zaidi na wapinzani vibaya zaidi. Alipomlinda Kobe Bryant, alimsukuma kuelekea sehemu alizokuwa hafungi vizuri, kisha akamwekea kiganja mbele ya macho bila kumgusa. Bryant akikosa, hakuna safu ya Battier inayoongezeka. Si bloku, si mpira ulioporwa, na pengine ribaundi anaichukua mwingine.

Dawa iliyopendekezwa ni kipimo cha tofauti: timu ilizidi au ilizidiwa kwa pointi ngapi mchezaji huyu akiwa uwanjani. Kinamwona Battier, lakini nacho kinaonea kwa namna yake. Wa akiba anayeingia daima pamoja na nyota atang'ara. Hodari aliyezungukwa na dhaifu atazama. Wataalamu hurekebisha kwa kulinganisha maelfu ya vikosi, na hapo kipimo huanza kutenda haki, kwa sharti la kuwa na mechi nyingi. Katika BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, timu hucheza mechi chache kwa msimu. Kutumia kipimo cha tofauti huko kumhukumu mchezaji ni kupiga ramli.

Chunguza kipimo kinamfanya mtu atende nini

Machi 2003, Ricky Davis wa Cleveland Cavaliers alikuwa na pointi 26, asisti 12 na ribaundi 9 dhidi ya Utah. Sekunde za mwisho, ushindi ukiwa mkononi, alirusha mpira kwenye kikapu cha timu yake mwenyewe ili aokote ribaundi ya kumi na kufikisha tarakimu mbili katika safu zote tatu. Ligi iliikataa, na klabu yake ikamtoza faini. Hilo lilionekana na kila mtu. Yasiyoonekana ndiyo mengi: anayekataa kutupa kutoka mbali robo inapoisha asije akaandikiwa kukosa, anayemwacha mtu wake afunge ili awahi ribaundi, anayeshikilia pasi mpaka iwe asisti. Kumbuka pia kuwa asisti huandikwa kwa jicho la binadamu aliyeketi mezani, na katika NBA huyo huajiriwa na timu mwenyeji.

Hukumu

Tumia EFF na PIR kujua nani alishughulika usiku huo. Tumia PER kupima ushambuliaji wa msimu mzima, ukiwa na idadi ya mitupo na dakika pembeni. Tumia kipimo cha tofauti kilichorekebishwa pale tu mechi zinapotosha. Vikipingana, usitafute wastani; rudi kwenye video, kwa sababu hapo ndipo kuna mchezaji ambaye kimoja kati ya vipimo kimeshindwa kumwona.

Na ligi zetu zinazokua zina wajibu. Ziandike tangu sasa skrini za kumzibia njia mlinzi, mipira iliyoguswa na mitupo iliyobanwa, kama NBA ilivyoanza kuyatangaza haya mwaka 2016. Zichapishe kanuni nzima ya kila kipimo, mchezaji ajue anapimwa kwa nini na kwa uzito gani. Na pasiwepo mkataba hata mmoja unaofungwa au kuvunjwa kwa namba moja peke yake.